Mafuta Yaingie Ndani: Maneno Yangu kwa Madereva wa Bodaboda wa Pemba

Maneno haya niliyasema Chake Chake, mbele ya madereva wa bodaboda na wamiliki wa pikipiki. Wenzetu wa Mkoani na Micheweni waliokuwa kazini siku ile wameomba wayapate yote, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu, wamiliki wa vyombo, na nyinyi vijana wangu madereva ambao khasa ndio nimekuja kwa ajili yenu. Nakushukuruni kwa kuacha kazi asubuhi hii. Dereva akikaa kitako saa moja, kuna riziki imempita barabarani, na mimi fundi nalijua hilo vizuri. Kwa hivyo sitozunguka. Nimekuja kusema juu ya kitu kimoja tu: cheni.

Nianze kwa kukuulizeni. Nani hapa leo asubuhi, kabla hajawasha, ameangalia petroli? Nyosheni mikono. Naam, wote. Sasa nani ameinama akaangalia cheni? Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa mtoto.

Petroli ikiisha, pikipiki inasimama, unashuka, unasukuma. Cheni ikikatika mnateremka kilima na abiria nyuma, kinatokea nini? Inaweza kujiviringisha kwenye sproketi ndogo, lile gurudumu dogo la meno linalotoka kwenye injini, ikapasua kasha la injini. Inaweza kujikunja kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likafunga pale pale, na chombo kikalala na nyinyi wote wawili. Yule abiria ni mama anayekwenda kliniki. Ni mwanafunzi wa skuli. Amekaa nyuma yako kwa sababu amekuamini. Je, umeinama ukaangalia? Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na cheni, ndugu zangu, iko uvunguni.

Nimejiuliza sana kwa nini tunaiacha cheni namna hii, na jawabu ninaloliona ni hili. Wazee wangu mliokaa mbele hapa, wengi wenu mlianza na Vespa. Vespa haina cheni. Injini yake imekaa pembeni mwa gurudumu la nyuma, nguvu inapita kwa gia, na gia zenyewe zimo ndani ya oili. Kwa hivyo hamkuwa na elimu ya cheni ya kuturithisha, wala hiyo si lawama. Cheni tuliyoijua sisi utotoni ni ya baskeli. Na baskeli inasamehe. Ukiitia mafuta ya kupikia, inakwenda. Ukiiacha na kutu mwezi mzima, inalia lakini inakwenda.

Tukahamia kwenye pikipiki, na tabia ya baskeli tukahama nayo.

Sasa nisikilizeni. Cheni ya baskeli na cheni ya nambari 428, ambayo ndiyo iliyomo kwenye nyingi ya pikipiki zenu za 125 na 150, zina nafasi ile ile kutoka pini moja hadi pini ya pili: milimita 12.7. Ile ya pikipiki ni pana na nene zaidi, ndiyo. Lakini ya baskeli inavutwa na miguu ya mtu. Ya pikipiki inavutwa na injini yenye nguvu ya zaidi ya farasi kumi, inapanda vilima vya Pemba, na juu yake dereva, abiria, na gunia. Tabia ile ile haiwezi kufaa.

Nikuelezeni habari ya mtu mmoja. Hans Renold alizaliwa Uswisi, akaenda kufanya kazi Manchester, Uingereza. Mwaka 1879 akanunua karakana ndogo iliyokuwa ikitengeneza cheni za mashine za viwanda vya nguo. Cheni za wakati ule zilikuwa na kasoro kubwa. Vile vibati vyembamba vya pembeni vilikuwa vinacheza moja kwa moja juu ya pini, kwa hivyo kazi yote inaangukia kwenye ukingo mwembamba wa kibati. Pini inaliwa, tundu linatanuka, cheni inakwisha upesi. Renold akafikiri. Mwaka 1880 akasajili cheni mpya: kati ya vibati viwili vya ndani ametia bushi, yaani kijibomba kidogo cha chuma kinachoivaa pini kwa upana wake wote, na juu ya bushi rola inazunguka. Kazi iliyokuwa inabebwa na ukingo sasa ikabebwa na upana mzima. Cheni iliyo kwenye pikipiki yako leo ni ile ile. Zaidi ya miaka 140, na hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha umbo.

Kwa nini nimekuleteeni habari za mtu wa zama zile? Kwa sababu pale pale alipoitia bushi yake ndipo cheni yako inapokufa.

Mnasema cheni "imevutika". Nakusikieni kila siku: fundi, cheni imevutika, nikatie pingili moja. Vibati havijavutika hata chembe. Kilichotokea ni kwamba pini imesagana na bushi ndani, kavu kwa kavu, mpaka kila pingili imepata ulegevu wa unywele mmoja. Unywele mmoja si kitu. Lakini cheni ina pingili zaidi ya mia. Zijumlishe nywele zile uone.

Sasa niambieni nyinyi: mlango wa nyumba ukilia usiku, unapaka mafuta ubao au unapaka bawaba? (Bawaba!) Basi mbona cheni mnaipaka ubao? Mnaipaka mgongoni, nje, inang'aa, na ndani kati ya pini na bushi hakujafika hata tone. Mafuta yaingie ndani. Narudia, na nitarudia tena kabla sijashuka hapa: mafuta yaingie ndani.

Alinijia dereva mmoja wa Konde, kijana msafi sana, pikipiki yake utaipenda. Cheni ameipaka grisi nyekundu, nene, kila siku ya Ijumaa anaongeza. Akalalamika: fundi, mimi cheni naitunza kuliko wote pale kituoni, mbona yangu ndiyo inayokwisha mwanzo? Nikamwambia tuifungue. Tukaitia kwenye beseni la mafuta ya taa, grisi ikatoka, na chini ya beseni tukaona mchanga wa kutosha kusugulia sufuria. Anapita njia ya msitu wa Ngezi kupeleka wageni Vumawimbi. Kila safari, grisi ile ilikuwa inaukamata mchanga na kuushikilia. Nikaikunja cheni ile mkononi. Pingili zimeganda, hazikunjuki. Nikatoa pini moja: nyekundu kwa kutu. Nje grisi, ndani kutu. Yule kijana hakuwa mvivu. Alikuwa na bidii, ila bidii imekwenda upande usio wake. Grisi ni nene, haipenyi kwenye ule mwanya.

Na oili chafu je? Hapa najua nitawagusa wengi. Oili inayomwagwa kwenye injini, mnaiweka kwenye chupa ya maji, mnaimwagia cheni, kwa sababu ni ya bure. Oili ile imemwagwa kwa nini? Kwa sababu imechoka. Imebeba masizi, imebeba asidi, imebeba unga wa chuma uliosagika ndani ya injini. Unaitoa kwenye injini isiidhuru, halafu unaitia kwenye cheni? Tena inaruka, inafika kwenye tairi na kwenye rimu, nyengine inadondoka ardhini, na sisi watu wa Pemba bado wengi tunakunywa maji ya visima. Na mikono yenu nayo. Oili iliyotumika si kitu cha kukaa kwenye ngozi kila siku. Mimi kwangu nimeikataza kabisa, na anayetaka niitie kwenye cheni yake namwambia aende kwa mwengine.

Ile dawa ya kopo ya kulegeza nati iliyoshika kutu, nayo si mafuta ya cheni. Ni nyepesi mno, inafukuza maji halafu inaondoka. Mafuta ya kupikia yakikaa hugeuka gundi.

Basi kinachofaa ni kipi? Oili ya gia, nambari 90, au ile iliyoandikwa 80W-90. Ndiyo hiyo hiyo viwanda vingi vya pikipiki vimeiandika kwenye vitabu vyao. Ina unene wa kukaa na wepesi wa kupenya. Mwenye uwezo wa kununua kopo la dawa maalumu ya cheni, anunue, ni nzuri na hairuki sana. Asiye na uwezo, lita moja ya oili ya gia itamtosha muda mrefu, kwa sababu kinachotakiwa ni tone kwa tone. Nendeni leo kwenye maduka ya vipuri hapa Chake mkaulize bei ya lita hiyo, kisha muulize bei ya seti ya cheni na sproketi zake mbili. Mtafanya hesabu wenyewe.

Nije kwenye chumvi. Hili ni letu sisi watu wa visiwani, na vitabu vya pikipiki vinavyotoka India na Uchina havikutuandikia sisi.

Kilimo cha mwani cha biashara kimeanza Zanzibar mwaka 1989, na leo mama zetu na dada zetu wa Pemba ndio wengi wanaokiendesha. Mwani unatoka majini, unahitaji kupanda juu, na kinachoupandisha siku hizi ni pikipiki. Kuna kijana wa upande wa Micheweni, kazi yake ndiyo hiyo. Magunia ya mwani mbichi, mawili nyuma, yanachirizika maji ya bahari. Maji yanapita wapi? Yanashuka juu ya sproketi kubwa na juu ya cheni, safari nzima, kila siku ya bamvua. Cheni yake haikumaliza hata msimu. Akanunua nyengine. Ile nayo hivyo hivyo. Akaanza kusema anauziwa cheni bandia.

Bandia zipo, sikatai. Lakini tulipokaa tukazungumza, nikamuuliza: ukimaliza kubeba, pikipiki unaifanya nini? Akasema naiegesha. Haoshi? Anaosha Ijumaa. Kumbe maji ya chumvi yanakauka juu ya cheni, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Usiku unakuja umande, chumvi inavuta unyevu, na kutu inafanya kazi yake huku mwenyewe amelala. Asubuhi anawasha, ile kutu inasagwa ndani ya bushi, na kutu ni ngumu, inakula chuma.

Nikampa dawa ya aina tatu. Kwanza, chini ya gunia aweke turubai au kipande cha plastiki kinachomwaga maji pembeni, mbali na cheni. Pili, kila akimaliza kazi ya pwani, ndoo moja ya maji baridi ya kisimani juu ya cheni, siku ile ile, si kesho. Tatu, afute, aache ikauke, atie oili kabla hajalala. Mpaka leo yuko kazini, na halalamiki tena juu ya cheni bandia.

Wapo mtakaosema: mimi sibebi mwani. Je, hupiti Wesha? Hubebi samaki kutoka Tumbe na barafu inayeyuka ndani ya tenga? Huishi karibu na mashamba ya chumvi? Upepo wa kusi ukivuma, chumvi inakuja mpaka mlangoni kwako. Kisiwani hakuna aliye mbali na bahari.

Kwa hivyo mkisoma kwenye kitabu kwamba cheni itiwe mafuta kila kilomita 500 au 1,000, nyinyi shikeni ile ndogo. Kilomita 500 kwa dereva anayekwenda kilomita 100 kwa siku ni siku tano tu. Na masika, kuanzia Machi mpaka Mei, msihesabu kilomita. Mvua ikikupiga, mafuta yameondoka, yarudishe siku ile ile. Vuli hali kadhalika.

Sasa vipi yatiwe. Na hapa, vijana wangu, naomba simu ziwekwe chini.

Kuna dereva mwenzenu, wa hapa hapa Pemba, jina lake nitalihifadhi. Aliiweka pikipiki kwenye stendi ya kati, akawasha injini, akatia gia ya kwanza ili cheni ijizungushe yenyewe, akaishika kwa kitambara aifute. Kitambara kikaingia kati ya cheni na sproketi. Mkono ukafuata. Vidole viwili, mkono wa kulia. Mkono wa kulia ndio wa moto, yaani wa kuongezea mwendo, ndio wa breki ya mbele. Kazi yake ya udereva iliishia pale, na ana watoto. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua.

Injini izimwe. Ufunguo utoke kwenye swichi uingie mfukoni. Gia iwe nyutro. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, polepole, kwa kurudi nyuma. Hakuna haraka ya dunia hii inayostahili vidole vyako. Na ukimuona mwenzako kituoni anafanya vile, usinyamaze, mzimie.

Halafu: brashi na mafuta ya taa kidogo, sugua cheni pande zote nne. Petroli usiitumie. Inashika moto, na kama cheni yako ni ile yenye pete ndogo za mpira kwenye pini, inaziharibu. Hizo zenye mpira zimefungiwa grisi ndani tangu kiwandani, zinataka upole, wala brashi ya waya isizikaribie. Ila nyingi ya bodaboda zetu hazinazo. Ukimaliza, futa kwa kitambara kikavu, ngoja mafuta ya taa yakauke. Ikiwa umetoka safarini na cheni ina joto, ndiyo bora, mafuta yanapenya vizuri.

Tone linawekwa wapi? Kwenye sehemu ya chini ya cheni, kwa upande wa ndani, ule unaotazama juu. Cheni ikizunguka, nguvu ya mzunguko inayasukuma mafuta kutoka ndani kwenda nje, yapite kwenye pingili. Ukiyaweka mgongoni, nguvu ile ile inayarusha kwenye shati la abiria. Na tone liangukie pale kibati cha ndani kinapokutana na kibati cha nje, kushoto na kulia, kwa sababu mwanya wa kuingilia ndio ule. Zungusha, tone, zungusha, tone, mpaka cheni yote. Kisha acha. Vizuri zaidi acha usiku kucha. Asubuhi futa yote yaliyobaki nje. Ndiyo, yafute. Yaliyo nje yanakamata mchanga tu. Tunayoyataka yamekwisha kuingia ndani.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniuma kuliko yote niliyokwisha kuyasema. Nalo ni kukaza.

Kila mmoja wenu anaogopa cheni iliyolegea, na mna haki. Cheni legevu inaruka meno, inapiga kava, inatoka. Kwenye mteremko ukiachia moto, gurudumu ndilo linaloisukuma injini, na ule ulegevu wa chini unahamia juu. Ukitia moto tena unarudi chini. Vilima vyetu vinaipiga cheni legevu juu na chini siku nzima. Hilo mnalijua. Lakini cheni iliyokazwa mno hamuiogopi. Mnaipenda! Haipigi kelele, imenyooka, mnaona ndiyo imetengenezwa. Mimi nakwambieni, iliyokazwa mno inakuibieni zaidi.

Alikuja dereva wa njia ya Mtambile na Kengeja, pikipiki inavuja oili chini ya sproketi ndogo. Pahala pengine wamemwambia sili, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa, akabadilisha sili. Ikavuja. Akabadilisha tena. Nikaishika cheni yake kwa kidole kimoja: haichezi. Imekaza kama imechomelewa. Nikamuuliza, wewe unabeba nini? Akasema, msimu wa karafuu nabeba gunia na mwenyewe gunia, siku nyengine mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Nikaishika sproketi ndogo nikaitikisa, inacheza juu na chini. Beringi ya shafti ya giaboksi imekwisha. Sili ingebadilishwa mara ngapi? Shafti inacheza, sili haiwezi kuzuia.

Kwa nini? Tazameni mkono wangu. Hapa ni sproketi ndogo. Hapa ni pale uma wa nyuma, yaani mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma, unapoegemea kwenye fremu. Hapa ni ekseli ya gurudumu la nyuma. Pikipiki ikiwa tupu, ekseli iko chini kuliko hizi mbili. Ukipanda, springi zinabonyea, ekseli inakuja juu. Akipanda abiria, inakuja juu zaidi. Na kadiri pointi hizi tatu zinavyokaribia mstari mmoja, umbali kati ya sproketi ndogo na ekseli unazidi, na cheni inakaza. Wewe umeikaza pikipiki ikiwa tupu, hukuiachia nafasi. Umepanda na watu wawili na gunia, umeingia kwenye shimo. Cheni itatoa wapi urefu? Haina. Inavuta shafti ya giaboksi upande mmoja, inavuta beringi za gurudumu upande wa pili, na ndani ya kila pingili mafuta yanakamuliwa nje.

Fanyeni jaribio wenyewe. Pimeni ulegevu chombo kikiwa kitupu. Kisha mmoja akae, na mwengine nyuma yake, mpime tena. Mkishayaona kwa macho yenu hamtonihitaji mimi.

Kipimo ni hiki. Kwa nyingi ya pikipiki ndogo, katikati ya cheni ya chini, iinue na uishushe kwa kidole, iwe inacheza milimita 20 mpaka 30. Angalieni kibandiko kwenye uma wa nyuma au kitabu, kila chombo na chake. Usipime pahala pamoja. Zungusha gurudumu, pima tena, zungusha, pima tena, kwa sababu cheni iliyotumika hailiki sawasawa. Ukipata pale ilipokaza kuliko kwengine, pale ndipo pa kurekebishia. Ukirekebisha palipolegea, palipokaza patakuwa waya.

Legeza nati ya ekseli kwanza. Ajasta, zile nati za kuvutia gurudumu nyuma, ya kushoto na ya kulia zizungushwe sawa, ukiangalia alama kwenye uma. Zisipokuwa sawa, gurudumu linakaa upande, cheni inakula meno pembeni. Kaza nati, kisha pima tena, maana kukaza nati nako kunabadilisha. Pini ya kuzuia nati irudi, na ikiwa imechoka tia mpya, ni kitu cha bei ndogo mno kuachia gurudumu litoke. Na jambo ambalo wengi hulisahau: breki. Ukilirudisha gurudumu nyuma, fimbo ya breki ya nyuma inavutwa, breki inaweza kuanza kushika yenyewe. Zungusha gurudumu, kanyaga, achia, hakikisha kabla hujampakia mtu.

Kuhusu kubadilisha nitasema machache. Nyoosheni cheni ya chini, mpime kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 21. Kwa 428 mpya ni milimita 254. Ikifika 259, imemaliza umri wake. Asiye na futi, ashike cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa aivute: ikiachana na meno mpaka nusu ya jino inaonekana, habari ndiyo hiyo. Kukata pingili ili ikaze si matengenezo. Pingili zilizobaki zimechoka vile vile, na urefu wa kila moja haulingani tena na meno. Na mkibadilisha, mbadilishe seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Mwenye meno 14 mbele na 42 nyuma, sproketi ndogo inazunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa ile kubwa, kwa hivyo ndiyo inayokwisha mwanzo, na imefichwa ndani ya kava yake hamuioni. Meno yaliyolala upande mmoja yanaila cheni mpya. Klipu ya kiungo nayo, upande uliofungika ndio utangulie kule cheni inakokwenda, wenye mwanya ubaki nyuma. Mmoja akiikosea hiyo, klipu inaweza kuchomoka njiani.

Wamiliki wa vyombo, sasa nanyi. Vijana hawa wanakuleteeni hesabu kila jioni. Nikimwambia dereva atie oili, ananijibu: fundi, chombo si changu, na oili nikinunua haikatwi kwenye hesabu. Je, huyo mna haki ya kumlaumu cheni ikikatika? Chombo ni chako, cheni ni yako, sproketi ni zako. Mnunulie oili ya gia na brashi, mkabidhi, halafu mdai aitumie. Mpunguzie nusu saa ya hesabu kwa wiki, ainame. Na wewe dereva, ukishakabidhiwa usiseme si changu. Anayeanguka ni wewe na yule aliyekaa nyuma yako, si mwenye kadi ya pikipiki. Ningependa katika mapatano yenu ya kukabidhiana vyombo jambo hili liwe limeandikwa, nani ananunua na nani anatia, na Sheha alishuhudie. Nimeona watu wakigombana mpaka kufikishana mbali kwa cheni moja.

Wazee wangu, mama zangu, nakushukuruni kwa kunisikiliza.

Vijana, hatujamaliza. Hapo nje, chini ya mwembe, kuna beseni, mafuta ya taa, brashi, vitambara, na oili ya gia. Futi ninazo mbili. Tutapima cheni moja baada ya moja, na kila mtu ataitia mafuta yake kwa mkono wake nikiwa namtazama. Waliotoka Wete na Konde waanze, wana njia ndefu ya kurudi. Mwenye cheni iliyopita milimita 259 nitamwambia pale pale, na namuomba asichukue abiria mpaka aibadilishe. Wamiliki, fuatanani na madereva wenu, muone kwa macho. Funguo zitoke kwenye swichi kabla mtu hajainama. Twendeni.